Nyoka Akionekana Nyumbani

Nyoka haingii nyumbani kumfuata mtu. Huingia kumfuata panya, chura, mjusi, kifaranga au yai. Wakati mwingine hutafuta kivuli jua linapochoma, pakavu masika yanapojaza mashimo, au maji kiangazi kinapokaza. Gunia la mahindi lililolazwa sakafuni huita panya, na panya huita nyoka. Ndiyo maana kaya inayoua nyoka watatu kila mwaka na kuwaacha panya walivyo hukutana na wa nne mwaka unaofuata.

Mtu ni mkubwa mno kuwa chakula cha nyoka wa nyumbani, na sumu ni silaha ya kuwindia ambayo nyoka hana haja ya kuitumia kwa kisichomezeka. Akiona njia ya kuondoka, kwa kawaida huondoka. Wanaong'atwa nyumbani ni wa aina tatu hasa: aliyemkanyaga gizani, aliyepeleka mkono mahali asipopaona, na aliyekwenda kumpiga. Ajali mbili za kwanza huzuiwa na tochi na mpangilio wa nyumba. Ya tatu huzuiwa na kutulia, na ndiyo ngumu kuliko zote, maana kelele za "nyoka! nyoka!" huleta vijana wenye fimbo kabla ya mtu yeyote kufikiri.

Wanaokutwa zaidi

Majina ya nyoka hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya, na nyoka mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika soko moja. Kwa hiyo inafaa zaidi kujua tabia kuliko jina, kwa kuwa tabia ndiyo inayoeleza mtu asimame umbali gani.

*Kifutu*, anayeitwa pia moma au bafe, ni mfupi, mnene, mwenye kichwa kipana na mabaka yanayofanana na majani makavu. Hakimbii. Hutegemea kutoonekana, hivyo hulala katikati ya njia ya shambani au kando ya kizingiti na kutulia tuli hata mguu unapokaribia. Akisumbuliwa huvuta pumzi na kufoka kama tairi linalotoa upepo. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Hatagi mayai kama wengine bali huzaa watoto, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa mkupuo, na kila mmoja huzaliwa akiwa na sumu tayari.

*Swila na fira* ndio wanaoinua kichwa na kutanua shingo. Baadhi yao hutema sumu wakilenga uso, na huweza kufika mita 2 hadi 3. Mkubwa kuliko watemaji wote duniani anaishi pwani na nyanda kavu za Kenya. Alitambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu. Swila mwenye shingo nyeusi hupenda mazingira ya watu: mabanda ya kuku, vichuguu, maghala. Usiku huwinda hadi ndani ya vyumba, na huweza kumng'ata aliyelala chini kwenye mkeka.

*Koboko* ni mrefu, mwembamba na mwepesi. Rangi yake si nyeusi bali ya kijivu au kahawia. Cheusi ni ndani ya kinywa chake, na anayekiona hicho yuko karibu mno. Sumu yake hupooza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Koboko wa kijani yeye ni wa pwani, wa miembe, mikorosho na minazi, na huweza kupita kutoka tawini hadi kwenye makuti bila kugusa ardhi.

*Nyoka wa nyumba* ni wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe-myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipita machoni. Hana sumu na hula panya kwa bidii. Kuna pia nyoka wadogo weusi wanaochimba udongoni na kujitokeza mvua ikinyesha. Hawa huonekana kama mnyoo mkubwa, na watoto huwaokota. Baadhi yao wana meno ya sumu yanayotokea pembeni mwa kinywa, kiasi kwamba hata aliyewashika vizuri nyuma ya kichwa huchomwa. Hakuna namna salama ya kuwashika.

Kanuni inayofaa kaya ya kawaida ni moja: nyoka asiyejulikana kwa uhakika ahesabiwe kuwa ana sumu. Rangi hudanganya, na ukubwa hudanganya zaidi.

Kuifanya nyumba isiwe na cha kufuata

Kazi huanza kwa panya. Nafaka ihifadhiwe kwenye mapipa au ndoo zenye mifuniko inayobana, na magunia yasiyo na budi yawekwe juu ya chaga. Mabaki ya chakula yasilale jikoni. Kuku walale juu, kwenye banda lililoinuliwa na kuzungushiwa wavu wenye matundu madogo, na mayai yaokotwe kila siku. Kabla ya mkono kuingia kwenye kiota, macho yatangulie. Anayeokota mayai magharibi bila taa hugusa vitu vingi asivyoviona.

Kuni ni jambo la pili. Rundo lililoegemezwa ukutani, likakaa tangu mavuno yaliyopita, chini lina unyevu, katikati lina panya, na juu ni pakavu na pana joto. Nyoka hapati nyumba nzuri kuliko hiyo. Kuni zipangwe juu ya kichanja kilichoinuka angalau sentimita 30, mbali na ukuta wa nyumba. Vivyo hivyo mabati ya zamani, matofali yaliyobaki ujenzi na mbao: ama vipangwe juu, ama viondolewe. Bati lililolala chini lisiinuliwe kwa kushika ukingo wa karibu. Ukingo wa mbali uvutwe kwa jembe au fimbo yenye ndoana kuelekea kwa anayevuta, ili bati lenyewe libaki kati yake na kilichojificha, na njia ya kutorokea iwe upande mwingine.

Nyasi zifyekwe mita kadhaa kuzunguka nyumba, na matawi yanayogusa paa yakatwe. Mlango ambao kidole gumba hupita chini yake huruhusu nyoka wengi. Kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa chini ya ubao humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Matundu ya hewa na midomo ya mabomba ya maji machafu yawekewe wavu.

Ndani ya chumba, kinga kubwa ni kitanda. Anayelala kitandani chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro amejikinga na malaria na nyoka kwa pamoja. Pasipo na kitanda, chandarua kikichomekwa chini ya mkeka pande zote bado kinasaidia sana.

*Ukaguzi wa kila mwezi*

- Nafasi chini ya milango yote, ukiwemo wa jikoni na wa choo cha nje.
- Alama za panya: mavi, matundu, punje zilizotafunwa.
- Gamba la nyoka lililovuliwa, hasa juu ya kenchi, nyuma ya mapipa na kwenye kuni. Gamba haliwi na sumu, lakini linaeleza kwamba mwenyewe amepata pa kukaa.
- Matawi yaliyorefuka kuelekea paani.
- Tochi: ipo, ina betri, na inajulikana ilipo.
- Viatu vya kufunika mguu karibu na mlango. Vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Msimu nao una nafasi yake. Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi, kumbikumbi huwatoa vyura, na usiku huo uani huwa na sherehe ambayo nyoka hawaikosi. Tochi ikiwa ya lazima usiku mmoja tu katika mwaka, ni huo.

*Yasiyosaidia*

Kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi kizingitini na majivu ya tairi havina ushahidi wa kumzuia nyoka. Mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari huharibu udongo na kisima, na ya taa huongeza hatari ya moto. Paka husaidia kwa panya, si kwa koboko. Na maziwa yaliyotegwa ili nyoka aje anywe humnufaisha paka huyohuyo.

Nyoka akiwa ndani: hatua kwa hatua

1. *Anayemwona asimame.* Nyoka huona mwendo na huhisi mtikisiko wa ardhi. Mguu uliotulia si shabaha. Akiwa karibu sana, hata akipita juu ya kiatu, mtu abaki tuli mpaka apite. Akiwa mbali kidogo, mtu arudi nyuma polepole bila kumpa kisogo, hadi mita 5 hivi.

2. *Watoto, mbwa na paka watolewe.* Mbwa anayebweka humfanya swila ainuke, na sumu anayomtemea mbwa humpata pia aliyesimama nyuma yake.

3. *Mtu mmoja abaki akimwangalia kutoka mbali.* Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote. Watu wote hukimbilia nje kutafuta silaha, wanaporudi nyoka hayupo, na nyumba nzima inalala macho wazi. Nyoka anayeonekana ni shida ndogo kuliko aliyepotea uvunguni.

4. *Chumba kifungwe.* Mlango wa kuingia vyumba vingine ufungwe na nafasi ya chini izibwe kwa taulo au khanga zilizokunjwa. Mlango au dirisha la nje liachwe wazi. Kelele zikome. Nyumba ikitulia, nyoka wengi hutafuta mwanya na kwenda zao.

5. *Msaada uitwe.* Nchini Kenya ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Tanzania ni afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye mtendaji wa kijiji au mtaa anajua namna ya kumpata. Sehemu nyingine wapo watu wenye ujuzi wa kuondoa nyoka. Namba ziandikwe kabla ya siku ya haja, maana siku hiyo hakuna anayekumbuka.

6. *Pasipokuja mtu, unga ufanye kazi.* Mstari mwembamba wa unga wa mahindi hunyunyizwa kizingitini, upana wa kiganja. Alfajiri, mkokoto laini uliopinda kuelekea nje unaeleza kwamba mgeni ameondoka. Mstari usioguswa unaeleza kwamba bado yumo, na kwamba upekuzi usubiri mchana, ufanywe na watu wawili waliovaa viatu virefu, wakitumia fimbo ndefu, wakianzia mlangoni kwenda ndani.

Kumpiga ndiko kunakogeuza mkutano kuwa ajali. Fimbo ya mita 1 humweka mpigaji ndani ya umbali wa koboko kuruka, na swila hana haja ya kufikiwa ili adhuru. Kichwa kilichokatwa huweza kung'ata kwa muda baada ya kutengana na mwili. Nyoka aliyeuawa asishikwe kwa mkono, na watoto wasipewe wamchezee. Kumkamata ni hatari vilevile. C. J. P. Ionides, mhifadhi wa wanyamapori kusini mwa Tanganyika aliyeitwa Bwana Nyoka, alikamata maelfu kwa vifaa na uzoefu wa miaka mingi, na bado aling'atwa mara kadhaa.

Wengine huua wakihofia kwamba mwenzake atakuja kulipiza kisasi. Nyoka hawana ndoa ya namna hiyo. Wa pili akionekana wiki ileile, kilichomleta ni panya walewale.

Sumu ikiingia jichoni

Maumivu huja papo hapo, jicho hujifunga, na mkono hukimbilia kulisugua. Usiruhusiwe: kusugua hukwaruza mboni na kuifungulia sumu njia.

1. Jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, yakimiminwa polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza. Mtu mwingine ashikilie kope ziwe wazi, kwa kuwa mwenye jicho hataweza.
2. Maji yasipokuwepo, maziwa yanafaa. Ndimu, mafuta, maji ya majani na dawa za macho zilizobaki za mtu mwingine havifai. Matone yenye steroidi huweza kuleta madhara makubwa.
3. Baada ya kuosha, hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Kidonda cha mboni kisichotibiwa hupofusha.

Mtu aking'atwa

1. Mgonjwa aondolewe karibu na nyoka, aketi au alale, atulizwe. Kukimbia huharakisha mzunguko wa sumu.
2. Pete, saa, bangili, ushanga na kiatu vivuliwe mara moja kabla ya uvimbe. Pete iliyoachwa kwa dakika 30 inaweza kuhitaji kukatwa, na kidole nacho.
3. Kiungo kifungwe kisitikisike, kama anayefungwa aliyevunjika: fimbo mbili, khanga, na mafundo yasiyobana. Kidole kipite chini ya kila fundo.
4. Saa ya kung'atwa iandikwe. Picha ya nyoka ipigwe ikiwa tu hilo halimkaribishi mtu kwake. Hospitali haihitaji nyoka mwenyewe, akiwa hai au amekufa.
5. Safari ianze. Simu itangulie kuuliza kama hospitali ina dawa ya kuzuia sumu, maana zahanati nyingi hazina, na saa mbili zinazopotea kwenye mlango usio sahihi hazirudi. Kwa bodaboda, mgonjwa akae katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia.
6. Anayetapika, anayelegea kope au kushindwa kumeza alazwe kwa ubavu wa kushoto. Pumzi ikikatika, apuliziwe mdomo kwa mdomo mpaka hospitalini: aliyepoozwa na koboko huweza kupona kabisa iwapo mapafu yake yatasaidiwa.
7. Kwa maumivu, parasetamoli pekee. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza kuvuja damu.

*Yasifanywe kabisa:* kukaza kamba juu ya jeraha, kuchanja, kufyonza, kuchoma, kupiga shoti ya umeme, kumwaga mafuta ya taa, kunywesha pombe. Kamba iliyokwisha kukazwa isikatwe ghafla njiani. Ifunguliwe na wahudumu walio tayari, kwa kuwa sumu iliyozuiwa hushuka kwa pamoja. Bandeji ya kubana mguu mzima hufundishwa kwa sumu ya kupooza, lakini kwa kifutu na swila, wanaoozesha nyama, inaweza kuzidisha jeraha. Kwa kuwa wengi hawajui wameng'atwa na nani, banzi bila kubana ndilo chaguo salama.

Jiwe jeusi linastahili maelezo yake, kwa sababu limewachelewesha wengi. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu vidogo sana, hunyonya unyevu, na ndiyo maana hunata kwenye jeraha kama ulimi kwenye barafu. Kunata huko huonekana kama kufyonza, lakini sumu imeshapita chini ya ngozi na kwenye mishipa. Sifa ya jiwe imetoka kwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 hung'atwa na nyoka kila mwaka, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 ndio wanaopata sumu. Waliobaki waling'atwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye nayo aliyeng'ata bila kuitoa. Hao wangepona kwa jiwe, kwa maji au kwa usingizi tu, na ndio wanaosimulia kijijini. Wanaokufa, kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, hawasimulii.

Hospitalini

Mgonjwa asiye na dalili yoyote huwekwa chini ya uangalizi kwa saa 24, kwa sababu baadhi ya sumu huchelewa. Ya nyoka fulani wa mitini mwenye macho makubwa huharibu kuganda kwa damu kimyakimya kwa saa nyingi kabla ya fizi kuanza kutoka damu. Kipimo kimoja hakihitaji mashine: mililita 2 za damu huwekwa kwenye chupa safi ya kioo na kuachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha huinamishwa. Ikimiminika bado, damu haigandi.

Dawa ya kuzuia sumu hutolewa kwa dripu, na huweza kuleta mzio mkali, hivyo si ya kuhifadhiwa kwenye friji ya nyumbani. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu. Mgonjwa pia hukaguliwa chanjo ya pepopunda. Siku 5 hadi 14 baada ya kupewa dawa ya kuzuia sumu, homa, vipele na maumivu ya viungo vikitokea, hiyo ni athari ya dawa yenyewe na inatibika. Arudi palepale alipotibiwa, na karatasi yake.